Uhandisi wa mazingira: ada ya miaka minne itarudi?

Karani_Mbale

Wakuu, naomba hesabu. Matumaini tunayo tayari.

Kijana hapa Mbale, Uganda, amemaliza S.6 (mwaka wa mwisho wa sekondari) na PCM, yaani fizikia, kemia na hisabati. Pointi zinamwingiza chuoni kwa kujilipia, udhamini wa serikali umempita kidogo. Barua inasema uhandisi wa mazingira, miaka 4, semista 8, ada ya masomo shilingi 1,900,000 kwa semista. Yale malipo mengine (usajili, maktaba, mitihani, matibabu) yanafika 700,000 kwa mwaka. Asipokwenda, kuna duka la vifaa vya mabomba linalomtaka kwa 400,000 kwa mwezi, mkononi.

Nataka kujua alipwe kiasi gani ndipo tuseme pesa imerudi. Na je, uhandisi wa mazingira, uhandisi wa ujenzi na sayansi ya mazingira ni kitu kimoja sokoni au vitatu? Mtandaoni naona mhandisi wa mazingira analipwa dola laki moja kwa mwaka. Naomba mnitoe usingizini.

Hesabu_Kwanza

Mzee Karani, hiyo ya dola tuiondoe mezani kwanza. Ni ya Marekani: idara yao ya takwimu za kazi iliandika dola 100,090 kwa mwaka kuwa mshahara wa katikati, Mei 2023. Ni kweli, ila anayeupokea analipa pango la Marekani na deni la chuo la Marekani. Kwa Mbale haitusaidii.

Gharama ya mwaka mmoja: ada 3,800,000, malipo mengine 700,000, na mshahara wa dukani anaouacha, 400,000 × 12 = 4,800,000. Jumla 9,300,000. Chakula usikihesabu, maana hata dukani angekula. Hesabu nyongeza tu, kwa mfano hosteli ikiwa dukani angelala nyumbani. Watu wengi huandika posho yote ya mwanafunzi, halafu chini yake wanaandika na mshahara alioacha. Sahani moja ya posho inaliwa mara mbili kwenye karatasi.

Kwa miaka 4 ni 37,200,000. Lakini pesa hiyo ingeweza kukaa kwenye hati fungani za serikali, ambazo Benki Kuu inaziuza kuanzia 100,000, kwa hiyo lazima uitoze riba. Tuchukue 15 kwa mia. Kila 9,300,000 inayotoka mwanzoni mwa mwaka inazaa deni, na siku anavaa joho deni limefika 53,400,000. Weka na mwaka mmoja wa kutafuta kazi, bila mshahara wowote: 66,900,000.

Sambaza deni hilo kwenye miaka 20 ya kazi kwa riba ileile. Linadai 10,690,000 kwa mwaka, karibu 890,000 kwa mwezi, juu ya zile 400,000 za dukani. Anahitaji 1,290,000 mkononi.

Mkononi na kwenye barua ya ajira ni vitu viwili. PAYE, ile kodi ya mshahara, haigusi 235,000 za kwanza. 100,000 zinazofuata zinakatwa 10 kwa mia, 75,000 zinazofuata 20 kwa mia, na kila kilicho juu ya 410,000 kinakatwa 30 kwa mia. NSSF, mfuko wa akiba ya uzeeni, inachukua 5 kwa mia ya mshahara mzima. Ukitaka njia ya mkato kwa mshahara uliozidi 410,000 na haujafika milioni 10: zidisha kwa 0.65, ongeza 98,000. Barua ya 1,500,000 inaacha 1,073,000. Ili 1,290,000 zifike mfukoni, barua isome karibu 1,835,000. Huo ni wastani wa miaka 20. Akianza chini yake si msiba, lakini kila mwaka anaokaa chini lazima ulipwe na mwaka mwingine juu.

Sasa cheza na namba uone kinachouma. Ukifuta ule mwaka wa kutafuta kazi, barua inashuka hadi 1,560,000. Maana yake kuzunguka na bahasha mwaka mmoja kunagharimu 275,000 kila mwezi kwa miaka 20. Ukifuta ada yote pamoja na malipo mengine (angepata udhamini wa serikali) lakini ukaacha mwaka wa kutafuta kazi, inashuka hadi 1,230,000 hivi. Yaani mwaka mmoja wa kukaa bure ni karibu nusu ya ada yote ya miaka minne. Familia zinagombana wiki nzima juu ya ada, na ule mwaka hakuna anayeutaja.

Halafu kuna kipimo cha nyumbani kabisa: mwalimu wa sayansi mwenye shahada aliye kwenye orodha ya mishahara ya serikali anapata 4,000,000 tangu 2022. PCM hiyo hiyo inamfikisha huko, na kozi ni miaka 3. Nafasi zinagombaniwa, najua. Lakini anayesema "uhandisi ndio wenye pesa" aiweke namba hiyo mbele yake kwanza.

Bomba_Nchi_Mbili

Hesabu safi, ila nina marekebisho mawili. NSSF uliyoikata haijapotea, ni akiba yake, na mwajiri anaongeza 10 kwa mia juu. Kwa barua ya 1,835,000 ni 275,000 kila mwezi zinaingia kwenye akaunti yake. Dukani hakuna kitu hicho, isipokuwa mwenye duka amemsajili.

Pili, riba yako ya 15 ina mfumuko wa bei ndani yake, wakati mshahara umeugandisha miaka 20. Chagua moja. Ukitoa mfumuko wa 4 hivi ukabaki na riba ya 11, barua inayotakiwa ni kama 1,420,000 kwa pesa ya leo.

Hesabu_Kwanza

La riba nakubali, 1,420,000 kwa pesa ya leo ndiyo namba bora. La NSSF nakubali nusu. Ni akiba, lakini huitoi ukiwa na miaka 27 na mwenye nyumba amesimama mlangoni. Kwa kawaida ni miaka 55, au ile asilimia 20 ukifika 45 ukiwa umechangia miaka 10. Hela isiyoweza kulipa pango la mwezi huu siihesabu shilingi kwa shilingi.

Mzee Karani, shika hivi: chini ya 1,400,000 kwa pesa ya leo, kama wastani, duka lilikuwa bora kifedha. Juu ya 1,850,000 shahada imeshinda kwa kipimo chochote. Katikati hapo mtabishana.

Maji_Taka_101

Nijibu la pili, kozi tatu.

Soko la mazingira Uganda ni masoko mawili yanayogusana. Moja ni la ripoti: tathmini za athari kwa mazingira, ukaguzi, mipango ya usimamizi, vibali vya taka. La pili ni la michoro: mtambo wa maji, mfereji, bwawa la majitaka, dampo. Soko la ripoti liko wazi kwa mwenye sayansi ya mazingira, jiografia, hata misitu na kemia, mradi awe amesajiliwa na NEMA, mamlaka ya mazingira. La michoro linataka mhandisi mwenye muhuri wa ERB, ile Bodi ya Usajili wa Wahandisi iliyo kwenye sheria ya 1969. Ukilipa ada ya uhandisi kisha ukaishi kwenye ripoti peke yake, umenunua trekta la kubebea ndizi sokoni.

Kwa hiyo swali la kwanza kabla ya kulipa hata semista moja: je, ERB inaikubali shahada hii kwa usajili wa uhandisi? Kyambogo kuna uhandisi wa mazingira na usimamizi wake. Busitema kuna uhandisi wa rasilimali za maji. Makerere kuna uhandisi wa ujenzi, na kuna sayansi ya mazingira ambayo ni shahada nzuri lakini si ya uhandisi. Barua iandikwe kwa bodi, jibu liwe kwenye karatasi. "Seniya mmoja alisajiliwa" si jibu.

Kisha fungua tovuti ya NCHE, baraza la elimu ya juu, tafuta kozi kwa jina lake kamili, uangalie tarehe ya uthibitisho. Mei 2023 nchi nzima ilishtuka kuona kozi nyingi, hata za vyuo vikubwa, zimeandikwa kuwa muda wake umepita. Mara nyingi ni mapitio ya mtaala yaliyochelewa na chuo kinayakamilisha. Ila mwajiri wa ng'ambo anayehakiki cheti hasomi maelezo hayo, anasoma neno moja tu kwenye jedwali.

La tatu, na hapa ndipo wengi wanaumia kimya kimya: jina la shahada. Tangazo la kazi wilayani linataja shahada kwa majina. Afisa Maji anatakiwa awe na uhandisi wa ujenzi au wa maji. Afisa Mazingira, sayansi ya mazingira au maliasili. Mwenye "uhandisi wa mazingira" anaweza kuanguka katikati ya viti viwili, kwa sababu anayechuja maombi ana orodha mkononi na haruhusiwi kukisia. Kusanya matangazo 30 ya mwaka uliopita: ya Tume ya Utumishi wa Umma, za wilaya, NWSC (shirika la maji la taifa), mashirika, viwanda. Chora safu tatu, moja kwa kila shahada, weka alama pale jina linapotajwa. Ni kazi ya Jumamosi moja na utajua zaidi kuliko maonyesho yote ya kazi.

Maoni yangu: ada ikiwa ileile na pointi zinatosha, achukue uhandisi wa ujenzi, miradi ya miaka ya mwisho aielekeze kwenye maji na majitaka, mazingira ayasome kwenye shahada ya pili mwajiri akishaanza kulipa. Wa ujenzi anaweza kuhamia kwenye mtambo wa maji kesho asubuhi. Wa mazingira hawezi kuhamia kwenye daraja.

Dada_Lubigi

Hapo mwisho tunapishana, kaka. Wa ujenzi anahamia kwenye mtambo, ndiyo, na anajenga matangi yanayosimama wima vizuri kabisa. Kinachotokea ndani ya matangi mara nyingi hakijui.

Mfano mdogo wa pesa. Mtambo wa maji wa mji, mita za ujazo 2,000 kwa siku. Dawa ya kugandisha tope ni shabu. Mwendeshaji amezoea miligramu 55 kwa lita, mvua iwepo isiwepo. Unapanga bika sita za lita moja, maji ghafi yaleyale, dozi 20, 30, 40, 50, 60, 70. Koroga kwa kasi dakika moja, kama mizunguko 100 kwa dakika. Punguza hadi 30, acha dakika 15, utaona chembe zinashikana kama theluji chafu. Zima, subiri nusu saa, chota juu, pima utope na pH. Ikionekana 40 inatosha, umeokoa gramu 15 kwa kila mita ya ujazo: kilo 30 kwa siku. Kilo ikiwa 2,500 ni 75,000 kwa siku, 2,250,000 kwa mwezi. Kwa bika sita na asubuhi moja umelipia mshahara wako.

Na kinyume chake. Mvua ikinyesha maji yanakuwa ya rangi ya chai ya maziwa na chembe hazishikani. Mwendeshaji anaongeza shabu. Hazishikani. Anaongeza tena. Kila miligramu ya shabu inakula karibu nusu miligramu ya alkali iliyomo majini. Maji yakiwa na 20 tu, dozi ya 50 imeshaimaliza, pH imeporomoka, na shabu yote inayofuata ni hela inayomwagwa mtoni. Kilichohitajika ni chokaa, tena kabla ya shabu. Hilo linajulikana na aliyesoma kemia ya maji.

Au kiwanda cha maziwa: majitaka mita za ujazo 100 kwa siku, BOD (kipimo cha uchafu unaooza) miligramu 1,500 kwa lita, yaani kilo 150 za uchafu kila siku. Bwawa la kwanza lenye kina, lisilo na hewa, linabeba gramu 300 kwa mita ya ujazo kwa siku kwenye joto letu, kwa hiyo ni mita za ujazo 500. Likiondoa asilimia 60, zinabaki kilo 60. Bwawa la pili, lile la mwani, kwenye nyuzi 22 linabeba kama kilo 290 kwa hekta kwa siku, kwa hiyo ni mita za mraba 2,000 na ushee. Nusu ekari ya maji tu, bado kingo na njia ya gari, na bado bwawa la tatu, maana kanuni za 1999 ziliweka kikomo cha BOD 50 na bwawa la pili haliwezi kufika hapo peke yake. Mwenye kiwanda akisikia nusu ekari anakumbuka bei ya kiwanja anataka mashine. Hapo unamwonyesha bili ya umeme ya vipulizia hewa kwa miaka 10 kando ya bei ya ardhi. Jedwali hilo moja ndilo analolilipia, ripoti ya kurasa 80 hailipii kwa furaha.

Kwa hiyo usiwaze jina la shahada peke yake. Fungua orodha ya masomo uhesabu. Haidroliki, kemia ya maji, mikrobiolojia, mitambo ya maji na majitaka, upimaji ardhi, udongo, zege, uchoraji kwa kompyuta: hayo ni ya michoro. Sera, sheria, usimamizi, maendeleo endelevu: hayo ni ya ripoti. Kundi la pili likizidi theluthi moja, sikiliza ushauri wa kaka hapo juu na umchukulie ujenzi. Likiwa chini ya robo, mazingira yanastahili ada hiyo.

Ila tuwe wakweli kuhusu viti. Kwa mitambo ya Kampala, Bugolobi ya majitaka imejengwa kwa mita za ujazo 45,000 kwa siku, Lubigi kwa 5,000 za mabomba na 400 za tope la vyoo, Katosi kwa 160,000 za maji safi. Ni mitambo mikubwa, lakini inaendeshwa na watu wachache, na mhandisi akipata kiti pale haondoki mapema. Na kuhusu taka ngumu: Kiteezi, dampo la Kampala, iliporomoka 10 Agosti 2024, watu zaidi ya 30 wakafa, na sasa kila mtu anajua kwamba mlima wa taka una mteremko, una maji ndani na una gesi. Kazi ya kiufundi ipo tele. Bajeti inatembea kwa miguu.

Karani_Mbale

Asanteni sana, dada na kaka. Nimechora zile safu tatu, naendelea na matangazo.

Swali moja zaidi. Mtu hapa Mbale anasema pesa halisi iko kwenye kuandika tathmini za athari: kituo cha mafuta kimoja, milioni 12, umemaliza. Kweli?

Karatasi_za_NEMA

Milioni 12 hiyo tuifungue, maana watu huihesabu kama mshahara. Namba nitakazotumia ni za mfano, ila mpangilio ndio huu.

Kwanza kijana hawezi kuitia sahihi. Sheria ya Mazingira ya 2019 na kanuni za tathmini za 2020 zinataka watu waliosajiliwa na wenye cheti cha mwaka husika. Mhitimu anaanza kama mjumbe kwenye timu ya aliyesajiliwa, analipwa kwa siku au kwa sura aliyoandika.

Tuseme ameshafika huko na ndiye kiongozi wa timu. Mkataba 12,000,000. Maabara ya maji na udongo 1,200,000. Usafiri na siku za uwandani 900,000. Mtaalamu wa jamii 2,000,000, wa mimea na wanyama 2,000,000. Mikutano ya wananchi na kuchapa nakala 700,000. Ofisi, intaneti, simu 1,000,000. Jumla 7,800,000. Amebaki na 4,200,000. Si mbaya?

Ngoja. Malipo yanakuja 40 kwa mia mwanzo, 30 akiwasilisha ripoti, 30 cheti kikitoka. Siku anawasilisha amepokea 8,400,000. Mteja akiwa wakala wa kukata kodi kwa niaba ya URA, mamlaka ya mapato, anakata 6 kwa mia, 504,000. Ameshika 7,896,000, na gharama ni 7,800,000. Mfukoni kuna 96,000. Nauli na chai. Faida yote imefungwa kwenye cheti ambacho si yeye anayekitoa.

Na cheti kinakwama kwa sababu zilezile kila mara. Kiwanja kiko ukingoni mwa ardhioevu na mteja alisema "ni bondeni kidogo tu". Mteja ameshaanza kuchimba msingi. Jina kwenye hati ya ardhi si jina kwenye maombi. Maoni ya wananchi yameorodheshwa bila sahihi wala namba za kijiji. Zuia haya kabla: nenda na GPS siku ya kwanza kabla ya kusaini mkataba, omba nakala ya hati, piga picha zenye tarehe zinazoonyesha kiwanja hakijaguswa. Na usikubali "30 cheti kikitoka" bila kuongeza maneno "au siku 90 baada ya kuwasilisha, lolote litangulialo". Mstari mmoja tu, unaokoa biashara nzima.

Ile 6 kwa mia inarudi kama punguzo kwenye kodi ya mwaka, lakini kwa mwenye risiti ya makato na aliyewasilisha ritani. Asiyewasilisha ameigawa bure. Na VAT ya 18 inamsubiri mauzo yakipita milioni 150 kwa mwaka.

Kazi kama hiyo akipata sita kwa mwaka, zote zikalipwa, ni 25,200,000, kama 2,100,000 kwa mwezi kabla ya kodi. Akilipwa nne tu kikamilifu na mbili zikakwama na ile 96,000, ni karibu 17,000,000. Yuko pale pale kwenye mpaka wa Hesabu_Kwanza.

Bomba_Nchi_Mbili

Niongeze mawili ambayo watu huyapigia hesabu kubwa: mafuta na wakimbizi.

Mafuta: uamuzi wa mwisho wa uwekezaji ulitangazwa 1 Februari 2022, na bomba la mafuta ghafi la EACOP ni kilomita 1,443 hadi Chongoleani, Tanga. Kazi za mazingira zinajaa wakati wa kuchimba na kulaza bomba: vumbi, kelele, udongo wa juu, matope ya visima. Bomba likishafukiwa wanabaki wachache wa kufuatilia. Kijana anayeanza sasa asijenge hesabu ya miaka 20 juu ya kazi ya miaka minne. Kujiandikisha kwenye orodha ya vipaji ya PAU, mamlaka ya mafuta, hakudhuru, lakini kuambatanishe na cheti cha usalama kazini, maana matangazo mengi yanataka vyote viwili.

Wakimbizi: makazi yao ya Bidibidi, Nakivale, Kiryandongo. Kazi ya kweli yenye vipimo vya kweli, lita 15 kwa mtu kwa siku, bomba moja kwa watu 250, choo kwa watu 20. Mikataba ni ya miezi 6 hadi 12, na mfadhili akifunga mfuko, kama tulivyoona 2025, mkataba haurudi. Mshahara wa miezi 9 gawanya kwa 12 kabla ya kuulinganisha na wa kiwandani.

Mlango ambao haupigiwi debe ni mpaka. Wahandisi wa Uganda, Kenya na Tanzania wana makubaliano ya kutambuana tangu Desemba 2012. Lakini yanamhusu aliyesajiliwa. Bila ERB ya kwetu, ya Tanzania (nayo inaitwa ERB, usichanganye barua) haikusikilizi.

Karani_Mbale

Basi ule mwaka wa kutafuta kazi ndio adui. Unapunguzwaje?

Dada_Lubigi

Kwa zile likizo za mafunzo kazini, mzee. Wiki 8 hadi 10, na wanafunzi wengi wanazitupa kwenye ofisi iliyo karibu na nyumbani ili waokoe nauli, wanarudi na barua ya mahudhurio.

Likizo ya kwanza aende mtambo wa maji wa mji mdogo, mkubwa hapana. Kwenye mkubwa atashika daftari. Kwenye mdogo atashika pampu. Atoke na daftari la dozi na utope la siku 50, ameliandika mwenyewe kila asubuhi, na mchoro wa mtambo wenye vipimo alivyopima kwa futi. Likizo ya pili aende kiwandani chenye majitaka: maziwa, bia, sukari, ngozi. Aombe kufanya mizania ya maji, mangapi yanaingia kwa mita, mangapi yanatoka, mangapi hayaonekani, na kila namba aandike aliipataje. Viwanda vingi havina karatasi hiyo, na anayeiandika huitwa tena. Likizo ya tatu, ikiwepo, ofisi ya mhandisi aliyesajiliwa, kwa sababu miaka yake ya kuelekea muhuri itahitaji mtu wa kuisimamia, na ni rahisi kumwomba anayekujua.

Barua za maombi zitoke miezi mitano kabla, kwa mkono, na nakala ibaki na muhuri wa mapokezi. Wiki mbili kabla ya likizo nafasi zimeshakwisha, anaishia kupanga mafaili.

Na kabla ya yote hayo, asimkimbie mwenye duka. Apite pale kila likizo fupi. Mafundi wote wa mabomba wa Mbale wananunua pale, na shule ya bweni ikitaka kuchimba tangi la choo la wanafunzi 600, mtu wa kwanza kuulizwa "unamjua injinia?" ni yeye.

Karani_Mbale

Safu tatu zimefika matangazo 19: ujenzi 14, sayansi ya mazingira 8, uhandisi wa mazingira 6, na 3 kati ya hayo sita yanasema "au shahada inayofanana". Barua ya ERB inatoka Jumatatu. Nikipata jibu nitaliweka hapa.